Sisi wa Nguzo ya Mwisho

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana.

Kabla sijasema lolote kuhusu kujiandaa kwa dhoruba na giza lake, nawaomba mgeuze shingo mtazame ile nguzo pale nje, ile iliyoinama kidogo. Waya unaoingia humu ukumbini umetoka pale. Sasa tazameni upande wa pili wa nguzo. Hakuna waya unaoendelea. Kuna vikombe vyake juu, kuna waya mnene umeivuta nguzo isilale, basi. Laini imeishia hapo. Sisi ndio mwisho wake.

Nimepanda nguzo kwa miaka 19, mpaka magoti yakanikatalia. Nilipokuwa kazini kuna jambo tulilijua wote ila hakuna aliyependa kumwambia mteja, na leo sina bosi, kwa hiyo nitalisema. Dhoruba ikiangusha laini, umeme hauanzi kurudi kwa aliyepiga simu kwanza, wala kwa aliyefoka zaidi. Mafundi huanza na laini kubwa na vituo vya kupoza umeme, kwa sababu bila hivyo hakuna kitakachowaka popote. Halafu hospitali na mitambo ya maji. Halafu zile laini zenye wateja maelfu. Halafu matawi, na matawi ya matawi. Mwisho kabisa ndipo anatumwa fundi mmoja na gari moja kwenda kwenye nguzo iliyoanguka shambani kwa watu, yenye nyumba nne nyuma yake.

Si kwamba tunachukiwa. Kikosi kikitumia siku nzima kikarudishia umeme nyumba 3,000, na siku hiyo hiyo kingeweza kurudishia nyumba nne, wewe ungeamua vipi? Mimi niliamua hivyo hivyo mara nyingi, huku nyumba yangu mwenyewe ikiwa gizani na mke wangu akinitumia ujumbe ambao siwezi kuusoma hapa mbele ya watoto.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mtu wa mjini akijiandaa kwa saa 12, sisi tujiandae kwa wiki. Na mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi ya wiki. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017. Chenyewe kilipita kwa siku moja. Wateja wa mwisho, wa huko milimani, walirudishiwa umeme Agosti 2018, karibu miezi 11 baadaye. Serikali mwanzoni ilihesabu vifo 64. Baadaye wachunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington wakakadiria vifo 2,975 katika miezi iliyofuata, na serikali ikaikubali hesabu hiyo. Tazameni tofauti ya namba hizo mbili. Wengi hawakuuawa na upepo. Waliuawa na siku zilizofuata: maji machafu, mashine za hospitali zilizozimika, dawa zilizoharibika, barabara zisizopitika.

Ndiyo maana sikuja kuuza jenereta. Najua kuna waliokuja na kalamu waandike ukubwa wa jenereta. Tutafika huko, ila kwanza kuna kazi ya nyumbani.

Ukifika kwako leo chukua karatasi, uandike umeme unakufanyia nini. Lakini usiandike vifaa, andika kazi. Usiandike "pampu", andika "kupandisha maji". Usiandike "friji", andika "dawa ya mama isiharibike". Ukiandika vifaa, utajikuta unatafuta umeme wa kuviendesha vyote, na hutaupata. Ukiandika kazi, utaona nusu yake ina njia nyingine, tena nyepesi. Nilipofanya hivi kwangu nilipata kazi 14. Nane hazikuhitaji umeme hata chembe. Mbili hazikuhitaji kufanywa kabisa.

Kazi ya kwanza kwenye karatasi ya karibu kila mtu hapa itakuwa maji. Wengi wetu tuna visima virefu vyenye pampu ya kuzama. Umeme ukikatika, maji yapo pale pale chini, mita 40 au 60, na wewe upo juu unayafikiria. Ndoo haiingii kwenye bomba lile jembamba. Pampu ya mkono ya kunyonya nayo haisaidii, kwa sababu kunyonya kuna mpaka wake: kukienda vizuri hufika kama mita saba, zaidi ya hapo hewa haina nguvu ya kuyasukuma maji juu. Kwa kisima kirefu unahitaji pampu ya mkono ya aina nyingine, ile yenye fimbo inayoshuka mpaka majini, au pampu ya jua, au tangi lililojazwa mapema.

Tangi, sasa. Miaka ile nilinunua tangi kubwa nikajisifu kwa kila aliyenitembelea. Dhoruba ikaja, umeme ukaenda, nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, maji tele. Akafungua bomba la jikoni. Likakohoa, likatema vijiko viwili, likanyamaza. Tangi langu lilikuwa limekaa chini, juu ya zege zuri nililolimwaga mwenyewe, na maji yake yalikuwa yanaletwa ndani na pampu ndogo. Pampu ya umeme. Wiki ile tulichota kwa kikombe kupitia mfuniko wa juu, mimi nikiwa nimelala kifudifudi juu ya tangi kama mjusi. Kwa hiyo uliza kwanza: maji yakishakuwa tangini, yanafikaje kwenye kikombe? Tangi likiwa juu ya mnara, uzito wa maji wenyewe unafanya kazi. Likiwa chini, hakikisha lina koki karibu na kitako.

Kiasi gani? Mashirika ya misaada duniani hupanga kwa kipimo cha lita 15 kwa mtu kwa siku kwenye dharura, kunywa, kupika na kunawa vyote humo. Nyumba ya watu sita ni lita 90 kwa siku, wiki moja ni 630. Ukishindwa kufika huko, basi yale ya kunywa, lita tatu au nne kwa mtu, yasikosekane. Na mwenye mifugo asijihesabu peke yake. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 60 kwa siku, wa maziwa hupita hapo, na hajui kwamba kuna dharura.

Uzuri ni kwamba mvua inayokukatia umeme ndiyo inayokuletea maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni lita 1,000. Toa yanayoruka nje na yanayovuja, zinabaki kama 800. Kwa mvua moja ya kawaida! Na sisi tunayaacha yachimbe msingi wa nyumba. Weka mfereji wa bati, weka pipa. Yale maji ya mwanzo yaache yamwagike, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kweli kweli kwa dakika moja. Wanaoishi juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wachemshe dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajawa ya moto vya kutosha. Kuni zikilowa, tumia ile klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6: matone mawili kwa lita, manne kama maji yana ukungu, koroga, subiri dakika 30. Yakitoa kaharufu kidogo ka klorini yako sawa. Na ukikosa vyote, chupa ya plastiki inayoangaza, maji maangavu, saa sita kwenye jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo. Haya yote huua vijidudu tu. Maji yaliyochanganyika na mafuta au dawa za shambani hayatibiki jikoni, hata uyachemshe mpaka sufuria ikauke.

Nimekaa sana kwenye maji kwa makusudi. Sasa twende juu, kwenye paa.

Watu hudhani upepo husukuma paa. Upepo hulivuta. Hewa inayopita kasi juu ya paa hupunguza mgandamizo pale juu, na paa linanyonywa kwenda angani. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, hewa inaingia ndani na kusukuma kutoka chini. Paa linavutwa na kusukumwa kwa pamoja, na hapo ndipo linaondoka zima zima kama kofia. Kuna imani kwamba ufungue madirisha ili kusawazisha hewa. Acheni. Unaukaribisha upepo uje umalize kazi. Funga kila kitu.

Jambo lingine: nguvu ya upepo haikui sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Paa lililovumilia kilomita 60 kwa saa halijakuhakikishia chochote kuhusu 120.

Paa hukaa kwa mnyororo. Bati limeshikwa na papi, zile mbao nyembamba za chini yake, papi imeshikwa na kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, kenchi imeshikwa na mbao inayolala juu ya ukuta, mbao hiyo imeshikwa na ukuta, ukuta na msingi. Panda darini na tochi mchana wa leo ukatafute pete dhaifu. Mara nyingi utaikuta pale kenchi inapokutana na ukuta: msumari mmoja uliopigwa kwa mshazari na fundi aliyekuwa na haraka. Utepe wa chuma, au hata waya mnene uliozungushwa mara kadhaa ukakazwa na kuzamishwa ukutani, hubadilisha hadithi. Kwenye bati, upepo hung'ang'ania zaidi pembeni, kwenye kona na kwenye kofia ya paa, kwa hiyo huko ndiko misumari au skrubu zikaribiane. Kibaraza kiwe na paa lake lisiloungana na la nyumba, ili upepo ukikichukua kiende peke yake. Na anayejenga sasa hivi, paa la pande nne huvumilia kuliko la pande mbili, na mwinuko wa nyuzi 30 hivi ni bora kuliko paa la karibu kulala.

Miti sitaisema sana. Mti ulio karibu na nyumba kuliko urefu wake utaifikia ukianguka. Hesabu ni hiyo tu. Kata matawi makavu kabla ya msimu. Ila tawi lililo karibu na waya wa umeme usiliguse wewe, waite wenye laini. Nimeshusha kijana mmoja kutoka mtini, na sitaki kueleza zaidi.

Haya, jenereta. Kalamu juu.

Mwaka mmoja, siku ya tatu baada ya dhoruba, mimi na mwenzangu tulifika kwenye transfoma ndogo huko vijijini. Tulikuwa tumeizima laini ile wenyewe, kwa mikono yetu, kilomita nne nyuma. Kufuli yetu ilikuwa kwenye swichi, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kanuni inasema hata kama umezima mwenyewe, unapima. Mwenzangu alikuwa amechoka, alikuwa na njaa, na alikuwa tayari ameshanyoosha mkono. Nikamwambia pima kwanza. Akanitazama kama ninamchelewesha, akainua fimbo ya kupimia. Ikalia.

Hatukusema kitu. Tulishuka tukakaa chini kwenye majani. Kisha, kwa kuwa kulikuwa kimya, tukaisikia: mbali kidogo, nyuma ya migomba, jenereta inanguruma. Mwenye nyumba alikuwa amechukua waya wenye plagi mbili dume, ncha moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani. Nyumba yote ikawaka, naye akafurahi. Lakini umeme haujui kwamba umetakiwa uishie ukutani. Ulipita kwenye mita, ukatoka nje, ukafika kwenye transfoma. Transfoma ikipokea volti 11,000 upande mmoja hutoa 230 upande wa pili. Ukiipa 230 kinyume, inakupa 11,000 kurudi kwenye laini. Mtu mwema kabisa yule. Alitukaribisha chai. Hakujua kwamba alikuwa amebakiza sentimita chache kutuua.

Kwa hiyo: ama chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya unaofaa, ama fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya kubadili, ile tunayoiita chenjiova, ambayo haiwezi kuunganisha jenereta na laini kwa wakati mmoja. Hakuna njia ya tatu. Anayekuambia "zima tu meinswichi kwanza" anakuombea usisahau hata siku moja, usiku wa manane, kwenye mvua.

La pili ni moshi, na hapa siongelei moshi unaouona. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Huishika himoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Watu wawili watatu nyumbani wakiumwa kichwa pamoja, usitafute dawa ya kichwa. Tokeni nje, wote, mara moja. Jenereta ikae nje angalau mita sita kutoka nyumbani, mdomo wa moshi ukitazama mbali na milango na madirisha. Si kibarazani, si stoo yenye dirisha lililofunguliwa. Jiko la mkaa ni ndugu yake. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme katika jimbo la Texas, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wakawasha magari gereji wapate joto. Familia zilikutwa zimelala zisiamke.

Petroli iwekwe nje ya nyumba, kwenye dumu lililotengenezwa kwa ajili yake, na usiihesabie uzima wa milele. Baada ya miezi michache huanza kuharibika, kwa hiyo itumie kwenye pikipiki au gari ununue mpya. Zima jenereta, iache ipoe, ndipo ujaze. Na iwashe kila mwezi kwa dakika 15 hivi. Jenereta niliyoiona ikikataa kuwaka siku ya shida ilikuwa mpya, bado na karatasi yake ya plastiki.

Kuna mama ameniuliza pale mlangoni kwamba yeye ana sola juu ya paa, je, ana haja ya kusikiliza? Mama, inategemea. Mfumo wa sola uliofungwa na laini ya umeme bila betri huzimika laini ikizimika, hata jua liwe utosini. Umetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili usinifanyie mimi kule juu ya nguzo kama yule wa migomba. Wengi wanalijua hili siku ya kwanza ya giza. Uliza aliyekufungia: laini ikikatika, changu kinaendelea? Akibabaika, jibu ni hapana.

Mfumo mdogo wenye betri yake ni kitu kingine, na mimi naupenda kuliko jenereta. Fanyeni hesabu nami. Taa tano za wati 5, saa tano kila usiku, ni wati-saa 125. Simu tatu, 15 kila moja, ni 45. Redio, 10. Jumla 180 kwa siku. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba 12 mara 100, yaani wati-saa 1,200, ila kama ni ile ya asidi usiishushe chini ya nusu, utaiua mapema. Una 600 basi. Zigawe: siku tatu bila jua hata kidogo, na bado unabakiza. Hiyo ndiyo maana ya kuandika kazi. Sasa aje kijana wa nyumbani achomeke pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa anyooshe shati. Ameondoka na 500. Karibu siku tatu za taa, simu na redio zimeishia kwenye kola.

Friji haitoshi humo, na mimi husema iacheni. Friji isipofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne. Friza lililojaa hufika saa 48, lililojaa nusu ni 24. Lijaze mapema kwa chupa za maji: barafu leo, maji ya kunywa kesho kutwa. Na weka humo kikombe cha maji, yakishaganda laza sarafu juu. Ukiwa hukuwepo, ukarudi ukaikuta sarafu imezama kitakoni, ujue vitu viliyeyuka vikaganda upya, hata kama vinaonekana vizima. Chakula kinachoharibika upesi kikikaa zaidi ya saa mbili juu ya nyuzi 4, kitupe. Usionje kupima.

Dawa ndizo zinazostahili ubaridi. Mwenye kutumia insulini amuulize mfamasia wake leo, si siku hiyo: aina nyingi zikishafunguliwa hustahimili joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, lakini si joto la chini ya bati mchana. Kuna kifaa ambacho mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipatia tuzo ya Rolex mwaka 2000: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa kilicholowa. Maji yakivukizwa yanaondoka na joto. Ni kizuri sana palipo pakavu; hewa ikiwa imejaa unyevu hakifanyi kitu cha maana, kwa hiyo usikitegemee mvua ikiwa bado inanyesha. Na mwenye mgonjwa wa mashine ya oksijeni nyumbani, huyo asisubiri. Mawingu yakitajwa redioni, ampeleke karibu na hospitali.

Usiku wenyewe wa dhoruba. Ukiona mwako wa radi hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Chini ya sekunde 30, kila mtu ndani, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chomoa vifaa kabla, si wakati radi inapiga. Vile vifaa vya soketi vya kukinga umeme unaopanda ghafla vinasaidia umeme ukiruka kidogo. Radi ikiingia yenyewe vinaungua pamoja na televisheni. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa, ndiyo itakayokuambia umeme umerudi, kisha subiri dakika kadhaa utulie.

Waya ukiwa chini, huo ni mzima mpaka sisi tuseme umekufa. Kaa mita 10 au zaidi. Ukijikuta tayari umeukaribia, usikimbie, kwa kuwa ardhi yenyewe ina umeme na hatua ndefu huupitisha mguu mmoja hadi mwingine. Buruza nyayo zikigusana, kidogo kidogo, mpaka utoke. Na hili ni letu sisi wa shamba: waya ukilalia uzio wa senyenge, uzio mzima unaweza kuwa na umeme, mpaka huko mbali usikoweza kuuona ulipoangukia. Asubuhi ya baada ya dhoruba usishike uzio kabla hujaufuata kwa macho.

Mafuriko, kwa ufupi: maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya 30 yanaweza kulibeba gari dogo, ya 60 yanaondoka na karibu gari lolote. Yakianza kuingia ndani, zima meinswichi kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama umesimama majini, iache.

Simu nayo ina mwisho. Minara ina betri za saa kadhaa, baada ya hapo hata ukiwa na chaji hakuna mtandao. Mapema tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga, unapenya pale simu inaposhindwa. Kubalianeni kabisa nani atamwendea nani kwa miguu. Redio ya betri iwepo. Mishumaa mimi siipendi, nyumba nyingi zimeungua baada ya kunusurika upepo. Taa ya kichwa inakuachia mikono yote miwili.

Nimemaliza, ila nina ombi moja. Jumamosi hii, saa kumi na mbili jioni, nenda kwenye meinswichi yako uizime mwenyewe, mpaka Jumapili jioni. Friji kalifungeni kwa kamba, lisifunguliwe. Watoto watalalamika, na wewe utalalamika zaidi. Kila kitakachowakwamisha kiandikeni kwenye ile karatasi. Nilipofanya mara ya kwanza nilikwama saa moja tu baada ya kuzima: tochi tatu, zote nzima, betri zake zote mbovu.

Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye tangi. Samahani nimekuchelewesha, mzee wangu. Karibu.